Vyombo Vidogo vya Baharini na Malezi ya Vijana Wetu

Wazazi wengi hutujia chuoni na swali moja, na kila mmoja hulidhani kuwa ni lake peke yake: "Mwalimu, kijana huyu nimfanyeje? Akitoka skuli hushika simu, akitoka chuoni hushika simu, na nikimnyang'anya hununa mpaka nimrudishie." Swali hili tumelijibu mara nyingi kwa maneno ya kukataza, kwa kuwa kukataza ni kwepesi wala hakumgharimu mwalimu kitu. Leo twataka kulijibu kwa njia nyingine, nasi twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani asiyekiri lake hana uso wa kumfundisha mwenziwe.

Yapata miaka ishirini na mitano iliyopita, hapa kwetu pwani, tulikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mmoja, mwepesi wa kuhifadhi, ambaye kila kaskazi ilipovuma alikuwa akichelewa chuoni. Tukauliza, tukaambiwa yuko ufukoni na wenziwe, wanashindanisha vidau. Tukamfuata. Tulimkuta amejitosa majini mpaka magotini, mkononi ana kidau cha ubao mwepesi alichokichonga mwenyewe, kina mlingoti, kina foromali ya kijiti, na tanga lake ni kipande cha kanga ya mama yake. Hatukumwuliza kitu. Tulikichukua kile kidau, tukakiweka chini, tukakikanyaga mbele ya wenziwe. Mtoto hakulia wala hakusema neno. Siku ya pili hakuja chuoni, wala ya tatu, na tulipomwendea baba yake alituambia kwa upole: "Mwalimu, mtoto asema hana la kusoma kwako." Hakurudi tena. Siku ile tulijiambia kuwa tumeitetea elimu. Ilitubidi tuishi miaka mingi, na twende mbali na kwetu, ndipo tukajua ni kitu gani tulichokivunja.

Binti yetu ameolewa na anakaa Uingereza, na mwaka juzi alitualika tukae nao miezi mitatu ya joto. Mjukuu wetu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na majina ya vyakula, nasi Kiingereza chetu ni cha skuli ya msingi. Basi babu na mjukuu tulikuwa tukitazamana mezani kama wageni wawili waliokutana katika chombo kimoja. Jumapili ya kwanza alituvuta mkono, akasema: "Babu, twende ukaone boti zetu."

Tulikwenda katika bustani ya mji, penye ziwa dogo lililochimbwa kwa mikono ya watu, kina chake hakizidi mapaja ya mtu mzima. Ukingoni walisimama watu wapatao kumi na watano, wazee wa miaka sabini na themanini, watu wazima na watoto. Kila mmoja alishika kisanduku chenye vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba, na macho yote yalikuwa majini. Humo majini zilikuwamo mashua za matanga meupe, ndefu kiasi cha mkono wa mtu, zikibisha na kugeuka na kupishana kama vyombo vya kweli, wala ndani yake hamna mtu. Kila shauri la nahodha lilikuwa katika kile kisanduku.

Wengi katika wasomaji wetu watadhani kuwa huu ni mchezo mpya uliokuja na simu. Sivyo. Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio kulionyeshwa kwa watu mwaka 1898 mjini New York, na Nikola Tesla, mvumbuzi mashuhuri wa mambo ya umeme. Alitia mashua ndogo katika birika la maji mbele ya hadhara, akaiamuru igeuke na kuwasha taa zake bila uzi wala kamba, na mwaka huohuo akaandikiwa haki ya uvumbuzi wake na serikali ya Marekani. Mchezo wa vyombo vidogo wenyewe ni wa zamani kuliko hapo. Katika bustani ya Kensington mjini London, na katika bustani kuu ya New York, yamo maziwa ambayo watu wameshindanisha humo mashua ndogo tangu karne ya kumi na tisa. Nyakati hizo chombo kiliachwa kijiendee. Mwenyewe alikitegea tanga na usukani, akakisukuma, kisha akakimbia kukipokea ng'ambo. Baadaye ukabuniwa ubao mdogo wa kuhisi upepo, uliofungwa nyuma ya chombo ukaunganishwa na usukani. Upepo ukigeuka, ubao hugeuka, na usukani hurekebika wenyewe. Katika miaka ya 1930, mji wa Marblehead huko Marekani ulitoa jina lake kwa daraja la mashua zenye urefu wa inchi 50 na tanga la inchi za mraba 800, na daraja hilo lingali likishindaniwa mpaka leo.

Redio ilipokuwa rahisi kupatikana, kukimbia ukingoni kukakoma. Namna inavyofanya kazi si ngumu kufahamu. Kisanduku cha mkononi hurusha mawimbi. Ndani ya chombo kimo kipokezi kidogo chenye betri yake. Kipokezi huamuru mota mbili ndogo. Moja hugeuza usukani, na ya pili hukaza au kulegeza kamba ya tanga, ile waitayo mabaharia wetu demani. Basi. Chombo cha matanga cha mchezo huu hakihitaji amri zaidi ya hizo mbili, na nguvu ya kwendea ni ya upepo wa Mwenyezi Mungu, haina bei.

Zamani palikuwa na taabu moja. Watu wawili wakitumia mawimbi ya namna moja, kila mmoja alikiamuru chombo cha mwenziwe pasipo kujua, na vyombo vikagongana. Kwa hiyo katika chama paliwekwa ubao wenye vibanio, kila kibanio na masafa yake, na asiyekuwa na kibanio mkononi hakuruhusiwa kuwasha redio yake. Redio za siku hizi, zitumiazo masafa ya gigahezi 2.4, hujitafutia njia zenyewe, na kila kisanduku hukijua kipokezi chake tu. Walakini mzee mmoja wa chama alituambia kuwa yeye ayakumbuka yale mabanio kwa wema, kwa sababu yalimfunza kila mtu kuuliza kabla ya kuanza: "Nani anatumia?"

Vyombo vyenyewe ni vya namna nyingi. Wako wapendao meli za injini: meli za kuvuta nyingine bandarini, meli za uokozi, meli za mvuke zenye tanuri la kweli dogo kama kikombe. Hawa hawashindani kwa mbio, bali hupitisha meli baina ya maboya pasipo kuyagusa, kisha huiegesha gatini polepole, na kila boya likiguswa hupunguziwa alama. Wako wapendao matanga. Daraja lao lililoenea sana huitwa la Mita Moja. Urefu wa chombo hauzidi sentimita 100, uzito wake haupungui kilo 4, na kimeruhusiwa matanga ya vipimo vitatu: makubwa ya upepo mwanana, ya kati, na madogo ya siku ya dhoruba. Kwa kuwa vipimo ni sawa kwa wote, mwenye fedha nyingi hapati ushindi kwa fedha zake. Hushinda aliye mwerevu wa upepo.

Sasa tuseme juu ya elimu iliyomo, maana wapo watakaouliza ikiwa mchezo huu wafaa kitu. Mjukuu wetu alikuwa na chuki na hesabu. Chamani aliulizwa swali hili: jahazi kubwa husimama wima katika upepo, mbona ukikifanya kijahazi mfano wake sawasawa, kwa vipimo vilevile vilivyopunguzwa, huanguka ubavu? Jibu lake ni hesabu tupu. Ukikifanya chombo kuwa kifupi mara 10, eneo la tanga halipungui mara 10 bali mara 100, na uzito wake haupungui mara 100 bali mara 1,000. Upepo nao haukupungua hata kidogo. Basi upepo ule ule hukuta tanga lililo kubwa mno kwa uzito uliolibeba, na kijahazi hulala. Ndiyo maana mashua hizi huwa na ubao mwembamba ushukao chini ya mkuku kama pezi la papa, na mwisho wake hufungwa donge la risasi. Farumi ambayo jahazi la kweli huiweka ndani ya ngama, chombo kidogo hakina budi kuishusha chini kabisa, nje ya tumbo lake.

Hesabu hiyohiyo huwafunza wenye meli za injini. Meli ya tani 100, ukiifanya ndogo kwa kipimo cha 1 kwa 25, yapasa iwe na uzito wa kilo 6.4, kwa kuwa 25 mara 25 mara 25 ni 15,625. Na mwendo wake haupungui mara 25, bali mara 5 tu, ambayo ni kipeuo cha pili cha 25. Meli iendayo maili 10 kwa saa, kidogo chake huenda maili 2, na mawimbi yake ya majini huonekana kama ya meli kubwa. Kanuni hii haikutolewa na watoto wanaocheza. Ilithibitishwa na William Froude, mhandisi wa Kiingereza, ambaye katika mwaka 1872 alikuwa na birika refu huko Torquay, akikokota humo vifano vya meli ili ajue meli yenyewe itahitaji nguvu kiasi gani kabla haijaundwa. Hata leo meli kubwa hupimwa kwa vifano katika mabirika kama hayo. Mjukuu wetu aliyekuwa akilia kwa hesabu za kitabuni, tulimkuta usiku akikokotoa uzito wa risasi pasipo kuamriwa na mtu.

Lakini jambo lililotugusa zaidi halikuwa hesabu. Katika mashindano ya matanga iko sheria kwamba chombo kinachopigwa na upepo ubavu wake wa kushoto hukipisha kinachopigwa na upepo ubavu wa kulia, na mwenye kuvunja sheria hujihukumu mwenyewe: hukigeuza chombo chake mzunguko mmoja mzima hapo hapo majini, wenziwe wakimpita. Siku moja mzee aliyekuwa akiongoza mbio, zikiwa zimebaki hatua chache, alikizungusha chombo chake ghafula, akawa wa nne. Tukamwuliza mjukuu sababu. Akasema chombo cha mzee kiligusa kingine kule mbali. "Nani aliona?" tukauliza. Akatutazama kwa mshangao, akasema: "Yeye mwenyewe aliona, Babu." Tumefundisha habari ya ikhlasi kwa miaka thelathini, na hatukumbuki kuwa na mfano uliokuwa bora kuliko ule.

Mzee yule ndiye aliyekuwa akimsaidia mjukuu wetu kila Jumamosi katika banda la chama. Alimfunza kuishika randa, kupiga msasa kwa kufuata uzi wa mti, kuchanganya gundi kwa kipimo, na kungoja. Kungoja ndilo somo gumu kwa watoto wa zama hizi. Gundi ikiandikwa saa ishirini na nne ni saa ishirini na nne; ukiiharakisha, chombo kitakuambia ukweli katikati ya ziwa. Simu ilikuwa mfukoni mwa kijana muda wote, na hakuitoa. Si kwa kukatazwa, bali mikono yake ilikuwa na gundi.

Wiki ya tatu mjukuu alituuliza: "Babu, kwenu Lamu na Mombasa vyombo vyenu vikoje? Twaweza kukiunda kimoja?" Marehemu baba yetu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, nasi tangu utoto tuliyasikia majina ya kila kipande cha chombo, ingawa hatukupata kushika tezo. Tukachukua karatasi, tukachora, tukaanza kumtajia: huu ni mkuku, haya ni mataruma, hii ni omo na hii ni tezi, huu ni mlingoti, hii ni foromali, hii ni demani, hapa chini maji yanapokusanyika ni ngama. Kijana akayaandika yote, akayabandika ukutani. Binti yetu, ambaye alikulia kwetu na hayajui nusu yake, alisimama mlangoni akisikiliza. Tulitambua saa ile kwamba majina hayo yamekaa kifuani mwetu miaka arubaini kama fedha iliyozikwa. Hatukumpa mtoto wetu hata mmoja, kwa kuwa tuliona si elimu.

Tukaunda kijahazi cha urefu wa sentimita 90. Mataruma yalikatwa katika plaiwudi, yakapangwa juu ya mkuku, kisha yakavikwa mbao nyembamba moja baada ya moja. Kazi ilichukua wiki saba. Tukakutana na tatizo ambalo mzee wa Kiingereza hakulijua, nasi tulilijua kwa kusikia tu. Jahazi letu haligeuki kama mashua zao. Likitaka kubadili upande, mara nyingi huupa upepo tezi, na mabaharia huihamisha foromali pamoja na tanga kuizunguka mlingoti, upande wa pili. Ni kazi ya watu kadhaa wenye nguvu na umoja, wakiimba. Kijahazi cha redio hakina mabaharia, na mota mbili haziwezi kuifanya kazi ile. Tulishauriana siku mbili, kisha tukaiacha foromali upande mmoja. Upande mmoja jahazi huenda vizuri; upande wa pili tanga huegemea mlingoti, likapoteza tumbo lake, na mwendo hupungua. Mzee yule alipolifahamu jambo hili aliketi kitako, akasema kwamba sasa ndipo anapojua heshima ya mabaharia wa kwetu.

Siku ya kwanza ya kukishusha majini tulipata aibu. Kwa haraka yetu hatukukipima uzito, ingawa tulionywa. Upepo ulikuja, kijahazi kikalala, maji yakaingia kwa mlango wa betri ambao haukuzibwa sawasawa, redio ikafa, na chombo kikabaki katikati ya ziwa kimeinama. Tulikaa ukingoni saa nzima tukingoja upepo ukisukume kuja kwetu. Hapo mjukuu wetu alisema kwa Kiswahili, sentensi ndefu ya kwanza tuliyoisikia kwake: "Babu, farumi haikutosha, na ngama imejaa maji." Wallahi hatukuona hasara ya chombo. Tulirudi nyumbani, tukaongeza risasi, tukauziba mlango kwa mpira, na wiki ya pili kijahazi kilivuka ziwa na kurejea, tanga limejaa, na watu wote ukingoni wakasimamisha vyombo vyao kukitazama.

Ndugu wasomaji, labda mtasema: hilo ni jambo la nchi ya watu, sisi latuhusu nini? Latuhusu sana, na ushahidi ni mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha watu wa Lamu na visiwa vyake, ulioshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga lake lilikuwa la miyaa. Ulisafiri pwani yote hii kwa karne nyingi. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini ukatoweka, wala hapakubaki mtepe mmoja baharini. Leo mtu akitaka kujua mtepe ulikuwaje, sehemu kubwa ya ushahidi huitazama katika vifano vidogo vilivyoundwa na mafundi wa zamani, vikahifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Chombo kikubwa kimekufa, kidogo chake ndicho kilichobaki kusema. Na majahazi nayo twayaona yakipungua mwaka baada ya mwaka, na fundi anayekufa hufa na kipimo chake, kwa sababu vipimo vyake vimo machoni mwake, havimo kitabuni. Mtoto anayechonga kidau ufukoni huenda akawa ndiye daftari la mwisho tulilo nalo. Nasi tulikanyaga moja katika madaftari hayo.

Kuhusu uhalali wa mchezo, jambo limo wazi kwa mwenye kutaka kujua. Imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa na vitu vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi mwenye mabawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwuliza habari zake, na aliposikia jawabu lake alicheka, wala hakumvunjia. Tulipoisoma tena habari hii baada ya safari yetu, tuliinamisha kichwa. Lakini ruhusa ina mipaka yake. Pasiwe na kamari katika mashindano, hata ya shilingi moja, kwa kuwa huo ni haramu ulio wazi. Pasipotezwe swala. Na pasiwe na israfu, maana mchezo huu waweza kumla mtu mali yake kama mchezo mwingine wowote.

Kwa wazazi watakaopenda kuanza, tunayo nasaha haya machache. Msianze na redio. Ndiyo yenye gharama. Anzeni kama tulivyoanza sote, kwa karara la mnazi, kifuu, au ubao mwepesi, na tanga la kitambaa. Mtoto akiweza kukifanya chombo kisicho na redio kiende njia iliyonyooka kwa kutega tanga na usukani, amekwisha kujua nusu ya elimu. Wakizidi kupenda, watu watano au sita washirikiane kununua redio moja, wapokezane. Kushirikiana huko ndiko chama. Chagueni maji yaliyotulia na yasiyo na kina, na mtu mzima awepo daima, kwa kuwa mtoto atakifuata chombo chake bila ya kufikiri. Bora zaidi, mfundisheni kuogelea kwanza. Chombo kikikwama mbali, kiacheni upepo ukilete. Risasi ni sumu: aiyeyushe mtu mzima mahali pa wazi, na wote waoshe mikono kabla ya kula. Betri za lithiamu zisiachwe zikichajiwa usiku watu wamelala, kwani zikiharibika huwaka moto. Wala msiwasahau mabinti. Katika chama kile tulimwona msichana wa miaka kumi na minne akiwashinda wazee wote siku ya upepo mkali, na mkono wake juu ya kile kijiti ulikuwa mtulivu kama wa mshona nguo.

Na wazee wetu, mabaharia na mafundi mliokaa barazani mkisubiri mtu wa kuwasalimu: huu ndio wakati wenu. Hakuna skuli itakayowafundisha vijana neno joshi wala neno demani. Mtoto haji kwa mzee kwa kuambiwa "nenda ukapate hekima". Huja akiwa na kitu mkononi kilichomshinda, naye hutaka kuonyeshwa. Mpeni kitu cha kumshinda, naye atakuja mwenyewe.

Tuliporudi kwetu, mjukuu alitupa kile kijahazi, akasema kisafiri nasi kiyaone maji ya wenyewe. Sasa kila Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri, twateremka ufukoni na wanafunzi wetu, kila mmoja na kidau chake, na fundi mmoja mzee wa majahazi hukaa juu ya gogo akiwakosoa. Sharti letu ni moja: kabla ya adhana ya Magharibi kila chombo kiwe kimetoka majini na kimefutwa. Hatujapata kulirudia sharti hilo mara mbili. Na wale waliokuwa wakichelewa chuoni, siku ya Alhamisi huja mapema kuliko mwalimu.

Siku ya kwanza tuliwakalisha mchangani, tukawasimulia kisa cha kidau tulichokivunja, bila ya kujitetea. Mmoja wao akauliza: "Mwalimu, ulimwomba radhi?" Tukamjibu kuwa hatukumwomba, na baadaye hatukumpata. Basi twaandika hapa. Ikiwa yule mtoto, ambaye leo ni mtu mzima na huenda ana watoto wake, atausoma ukurasa huu, tunamwomba atusamehe. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tumekwisha kurejea. Akitaka kutuletea mwanawe, amlete, na mtoto aje na kidau chake mkononi.